Bendi ya Ijumaa, gesti ya jirani na barabara ya njia nne: kisa cha baa moja Mwanjelwa

Mbeya ukisikia bendi imezimwa mahali unajua tu hapo jirani kalalamika, mtendaji kaja na barua, biashara imeisha. Mara nyingi ni kweli. Ila kuna baa moja upande wa Mwanjelwa nataka niielezee kwa urefu, nilikuwa karibu na sakata lake kuanzia mwanzo kwa sababu mimi ni fundi saundi na vyombo vyao nilikuwa nafunga mimi, na kila mtu niliyeongea naye pale alikuwa na haki yake, kuanzia mwenye baa, mwenye gesti, mama wa jikoni mpaka mpiga besi. Majina siweki, na hesabu za hela nimezifanya za duara ili watu wasitambulike, lakini mpangilio wake ndio ule ule.

Kwanza mtaa wenyewe. Asiyeijua Mbeya anaweza kudhani katikati ya mji ni Uhindini, na kweli mabenki na maduka ya zamani yenye baraza yako kule, ila ikifika saa kumi na mbili jioni shata zinashuka na barabara inabaki ya walinzi na makoti yao. Usiku wa Mbeya uko huku Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati, Soweto, pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Tunduma. Mwanjelwa soko liliungua mwishoni mwa 2006, watu wakasambaa kwenye mitaa ya jirani na vibanda vyao, soko jipya la ghorofa likaja, lakini mitaa ile haikurudi kuwa ya makazi matupu tena. Leo unakuta nyumba ya kupanga, ubavuni fremu ya vipodozi, nyuma yake grosari, juu yake gesti. Kila mtu kabanana na mwenzake.

Hiyo baa ilikuwepo kabla ya gesti, na hili litakuwa na umuhimu mbele. Ilikuwa na uwanja mdogo mbele unaotazama barabara, viti vya plastiki, turubai, jukwaa la mbao la kimo cha kreti moja, na Ijumaa bendi ya watu sita inapiga rumba na zilipendwa. Kiingilio kinywaji chako. Ukumbi wa maana hapana, mvua za Machi zikinyesha waimbaji wanasogea ndani wanaimbia karibu na kaunta. Lakini kwa mji ambao ulimpeleka mwanamuziki Sugu bungeni 2010 na ukamrudisha 2015, mji unaosema unapenda muziki, sehemu za kusikia chombo kinapigwa na mtu mbele yako ni chache mno, kwingine kote ni dijei na flashi. Kwa hiyo mimi nilikuwa naijali ile baa kuliko hela niliyokuwa nalipwa, nasema wazi.

Nyuma kulikuwa na jiko. Hapa nikae kidogo, maana ndipo kisa kizima kinapogeukia. Jiko la pale, kama mabaa mengi ya kwetu, halikuwa la mwenye baa. Amelikodisha. Mama mmoja wa makamo kutoka Tukuyu analipa elfu kumi na tano kwa siku, anaingia na nyama yake, mafuta yake, wasichana wake wawili. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, cha yule mama watu walikuwa wanakifuata kutoka Sae. Anakikata vipande vidogo, anakichemsha kwanza na tangawizi na limao mpaka maji yakauke, halafu kinakaangwa kwenye mafuta yake chenyewe, kinakuja kwenye sahani ya bati na ndizi za kukaanga, kachumbari, pilipili ya kusaga pembeni na kipande cha parachichi ambacho hukulipia, parachichi za Rungwe msimu ukifika zinamwagika tu. Upande wa pili wa uwanja, mbali kabisa, kijana wa mishkaki ya ng'ombe na chipsi na jiko lake na visu vyake na beseni lake, havigusani na vya mama hata siku moja, kwa hiyo hata asiyekula nguruwe anakaa anakula kwa amani. Naye analipa kodi yake ya siku. Mwenye baa yeye anauza vinywaji tu. Hiyo ndiyo hela anayoiona.

Sasa ikaja barabara. Kutoka Nsalaga mpaka Ifisi wanajenga njia nne, kilomita 29, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni Mafiati nyuma ya malori ya Zambia anajua tunaihitaji barabara ile, sina neno baya juu yake. Ila kwa baa hii maana yake ilikuwa uwanja wa mbele umekwisha. Vumbi, kifusi, mtaro umechimbwa, gari haziwezi kupaki, mteja akikaa mbele anakunywa udongo. Mwenye baa akafanya kitu ambacho kila mtu angefanya, akahamishia viti nyuma, na jukwaa likaenda na viti. Akaliweka kona ya nyuma kabisa ili jiko lisizibwe, migongo ya wanamuziki kwenye ukuta wa fensi.

Nyuma ya ule ukuta, hatua tano hivi, ndio madirisha ya gesti.

Gesti ilikuwa na miaka mitatu minne pale bila ugomvi wowote. Vyumba kumi na viwili, wateja wake ni madereva, wafanyabiashara wanaokuja kununua mchele na viazi, watu wanaowahi basi la alfajiri. Mtu anayewahi basi la saa kumi na moja hataki sebene saa saba usiku, ni kawaida tu. Wiki ya kwanza jukwaa lilipohamia nyuma, mwenye gesti alikuja mwenyewe kistaarabu, wakaongea, mwenye baa akasema atapunguza. Akapunguza. Wiki ya tatu akaja tena, safari hii kwa hasira maana wageni wawili walikuwa wamedai hela yao saa sita usiku na akawarudishia. Baada ya hapo ikaenda serikali ya mtaa, ikaenda kwa mtendaji, ikaja barua, na mwenye baa akatangaza bendi basi.

Akaniita nije nitoe vyombo. Nikamuomba wiki mbili.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kukaa chumbani kwenye gesti wakati bendi inafanya mazoezi kwa sauti ile ile ya Ijumaa. Nilikuwa na simu yenye programu ya kupima sauti, na namba iliyoonyesha haikuwa ya kutisha hata kidogo. Lakini kioo cha dirisha kilikuwa kinalia, glasi ya maji kwenye stuli inatetemeka, na ukiweka mkono kwenye ubao wa kitanda unaisikia ngoma ya mguu ya dramu. Gitaa la solo na waimbaji walikuwa wanasikika kwa mbali tu, vizuri hata. Kilichokuwa kinaamsha watu ni besi peke yake.

Hili watu wengi hawalijui, na linasababisha ugomvi usioisha kati ya mabaa na majirani. Kipimo kinachotumika kawaida, kile cha desibeli A, kimetengenezwa kufuata sikio la binadamu, kwa hiyo kinaipunguzia besi sana, sauti ya besi ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, inapunguziwa desibeli kama 26 kwenye hesabu. Juu ya hapo maiki ya simu yenyewe besi haiipati vizuri. Matokeo yake mwenye baa anaonyesha simu yake anasema mbona niko sawa, jirani anaona anadanganywa, na wote wawili wanasema kweli. Na wimbi la besi ya hezi 60 lina urefu wa karibu mita sita, ukuta wa fensi wa tofali moja na dirisha la kioo chembamba kwake si kitu. Ukiweka spika za besi kwenye kona, kama zilivyokuwa zimewekwa, kona yenyewe inaziongezea nguvu. Fundi aliyepanga vile alikuwa ni mimi, nilipewa kona nikaijaza.

Halafu kuna baridi letu. Mbeya iko juu, karibu mita 1,700, tumekaa bondeni chini ya mlima Loleza, na usiku wa Juni na Julai anga likiwa safi na upepo umetulia, hewa ya baridi inalala chini na ya joto inakaa juu yake. Sauti ambayo mchana ingepanda juu ikapotea, usiku huo inapinda inarudi chini na kwenda mbali zaidi. Ndio maana mtu wa mtaa wa Forest anakwambia jana nimesikia mziki kama uko uani kwangu, wakati bendi ilikuwa Mwanjelwa na haikuongeza sauti yoyote. Malalamiko ya hii baa yalipamba moto Juni. Sishangai.

Mwenye baa alikuwa ameshaanza kununua trei za mayai azibandike ukutani. Kaka, nikamwambia, acha kabisa. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka, zinapunguza mwangwi kidogo tu ndani ya chumba, tena wa sauti za juu. Kinachozuia sauti ni uzito, tofali nzito iliyopigwa plasta pande zote bila mwanya, na yeye alikuwa na uwanja wa wazi na bati juu. Na trei zikishika cheche ya jiko la mkaa utajuta, huu mtaa unajua moto.

Kwa hiyo tulifanya vitu vya bei rahisi. Jukwaa likatoka kona likaja ubavuni, spika zikageuzwa mgongo kwa gesti zikatazama barabara. Spika kubwa za besi zikatolewa kabisa, mpiga besi akabaki na ampu yake ndogo iliyonyanyuliwa juu ya kreti. Kwenye mikisa nikakata sauti za chini kwa maiki zote. Ngoma ya mguu ikajazwa blanketi. Wanamuziki walinuna, mpiga besi hasa, na nilimwelewa, rumba bila besi ni ugali bila mboga. Lakini tukampa kitu kingine, spika ndogo ya kumrudishia sauti yake miguuni, akatulia. Nikarudi chumbani kule gesti. Kioo kimenyamaza.

Lakini hapo ndipo nikagundua kwamba sauti ilikuwa nusu ya tatizo. Mwenye baa hakufurahi kama nilivyotegemea. Akaniambia hivi, kaka, hata ukinimalizia kelele, hii bendi mimi inanila. Tukakaa na daftari.

Bendi laki mbili na nusu kwa usiku. Bia moja faida yake, ukitoa kila kitu, kama mia sita. Ijumaa bila bendi anauza chupa mia na hamsini, na bendi mia nne themanini. Kwa hiyo bendi imemletea chupa mia tatu na thelathini za ziada, ambazo ni laki moja na tisini na nane elfu. Kila Ijumaa anapoteza elfu hamsini na mbili, bado mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Alikuwa anavumilia kwa sababu anapenda muziki na anaona watu wamejaa, anahisi lazima hela ipo mahali. Na hela kweli ilikuwepo. Ilikuwa jikoni. Yule mama siku ya kawaida anatoa kilo kumi na mbili za kitimoto, siku ya bendi thelathini na tano na wakati mwingine zinaisha saa nne watu wanabaki wanauliza, na kodi yake ni elfu kumi na tano ile ile. Kijana wa mishkaki hali kadhalika.

Yaani barua ya mtendaji ilikuja kumkuta mtu ambaye tayari anatafuta sababu ya kuacha, na hakujua mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona hatari ya kweli. Angezima bendi, watu wangesema gesti imeua muziki, na mwezi wa pili yule mama angeanza kuondoka kwa sababu kitimoto hakiendi, na baa yenyewe ingefuata, maana bila jiko baa ya mtaa haina kitu.

Kikao cha jikoni hakikuwa rahisi. Mwenye baa alianza vibaya, akaenda na lugha ya kodi kupanda. Mama akamkata pale pale. "Baba, mimi kodi yako nakulipa kila siku ya Mungu, mvua inyeshe jua liwake, Jumatatu nauza kilo nne na bado unapata yako. Leo unataka nilipie na magitaa?" Na alikuwa na hoja, siku mbovu zote anazibeba yeye peke yake. Nikamsalimia upya, shikamoo mama, nikamuomba tusiongelee kodi, tuongelee Ijumaa peke yake. Tukakubaliana Jumatatu mpaka Alhamisi kodi yake ishuke iwe elfu kumi na mbili, na Ijumaa ya bendi achangie elfu arobaini. Kijana wa mishkaki elfu thelathini. Mama akaongeza sharti lake, bendi ianze mapema, kwa sababu mtu akija saa nne usiku keshakula kwao.

Hilo sharti la mama ndilo lililomaliza ugomvi wa gesti, kuliko spika zangu zote. Kanuni za mazingira za kelele na mitetemo za 2015 zina viwango vya mchana na vya usiku, na usiku kwa hesabu yao unaanza saa nne, kabla ya hapo unaruhusiwa zaidi. Upande wa vileo nako siku za kazi mwisho ni saa tano usiku, na Ijumaa ni siku ya kazi, jambo ambalo mabaa mengi yanalisahau kwa makusudi. Baada ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, kufungia baa na kumbi nyingi mikoani kwa kelele mwezi Mei 2023, hakuna mwenye baa anayeweza kusema hajui. Bendi ikaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, inafunga saa nne kasoro. Mwenye gesti tukampa namba ya mtu wa kumpigia siku hiyo hiyo ikizidi, na akaanza kuwaambia wageni wa Ijumaa kwamba kuna bendi jirani mpaka saa nne, anayetaka kimya anapewa vyumba vya upande wa pili.

Wengine wa bendi waliona ni aibu, muziki wa saa moja jioni ni wa harusi za kanisani. Watazamaji walibadilika kweli. Walikuja watu wa maofisini wanaotoka kazini na makoti yao, walimu, wanandoa, siku moja niliona mzee na bibi yake wanacheza taratibu mbele ya jukwaa wakati wasichana wa jikoni wanapita na sahani katikati yao. Vijana wa usiku mnene walipungua. Chupa zilishuka kutoka mia nne themanini mpaka mia tatu na themanini. Bendi ilikubali laki mbili kwa sababu wanamaliza mapema na wanarudi kwao kwa bajaji ya bei ya kawaida, si ya saa nane usiku. Ukitoa elfu sabini za jikoni, mwenye baa anabeba laki na thelathini, na chupa za ziada zinamlipa laki na thelathini na nane. Anabaki na elfu nane za Ijumaa. Ni ndogo, na punguzo la kodi ya mama la siku nne, elfu kumi na mbili kwa wiki, linaila, lakini hasara ya elfu hamsini na mbili imeshuka mpaka elfu nne.

Waliopoteza wapo na ni lazima niwataje. Bodaboda wa pale kona walikuwa wanaishi kwa abiria wa saa nane usiku, na yule dada wa supu na chapati aliyekuwa anafungua saa saba usiku akahamia Kabwe. Hakuna kikao kilichowaita, mimi mwenyewe nilikuwepo na sikuwaza kuwaita mpaka walipoondoka.

Kuna wanaonibishia kwamba baa ilitangulia, kwa hiyo gesti ndiyo ivumilie au iweke madirisha mazito kwa gharama yake. Uingereza wana kanuni ya namna hiyo kwenye mwongozo wao wa mipango miji wa 2018, anayekuja baadaye na jengo jipya ndiye anayebeba gharama za kujikinga na kelele aliyoikuta, na naiona ni kanuni nzuri, laiti afisa mipango miji wetu angekuwa anaangalia madirisha ya gesti yanatazama nini kabla ya kugonga muhuri tungepona mengi. Ila kwenye kisa hiki isingetoa jibu. Baa ilitangulia, jukwaa la nyuma halikutangulia. Gesti ilijengwa wakati muziki unatazama barabara. Aliyebadilisha hali ni barabara, na barabara huwezi kuiita kwenye kikao cha mtaa, na fidia haikuhesabu kwamba uwanja wa mbele ulikuwa ndio jukwaa.

Kilichobaki sasa hivi ni mkataba wa pango. Mwenye kiwanja anasikia barabara ikiisha fremu zitapanda bei, anataka kuvunja ajenge ghorofa, na mkataba wa baa ni wa mwaka mmoja mmoja, nusu yake wa mdomo. Nimemshauri vitu viwili. Aandikishe mkataba mpya wenye notisi ya miezi sita, na aanze kukata ile kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango aipeleke TRA kama inavyotakiwa, apate risiti zenye jina lake na kiwanja kile, kwa sababu leo hii akiambiwa aondoke hana karatasi hata moja inayoonyesha amewahi kuwepo pale. Mama wa jikoni yeye hana mkataba kabisa, na mwenye baa ameahidi kumuandikia wake mwezi huu.